Mkate wa Hatua ya Tatu

Kwa furaha isiyo na kifani, wananchi walitangaziwa kuwa kuanzia Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, mji wao ungekuwa mji wa viwanda. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa tanuri la Mama Mikate, kwa sababu mji mzima ni hilo tu lililokuwa na bomba la moshi.

Mama Mikate, mjane aliyesomesha watoto wanne kwa tanuri hilo, alilisoma polepole, mara mbili. Mwenyekiti wa Kamati ya Nadharia na Viwanda akafika na kitabu kinene kwapani.

"Hongera, mama. Kuanzia leo wewe ni tabaka la wafanyakazi."

"Ahsante, ndugu Mwenyekiti. Jana nilikuwa nani?"

"Jana ulikuwa unaoka mikate tu. Nadharia inataka viwanda mama kwanza. Tanuri lako litachoma matofali, yajenge tanuri kubwa zaidi, nalo lichome matofali makubwa zaidi. Mkate uko hatua ya tatu."

"Hatua ya tatu ni lini?"

"Historia haiharakishwi, mama."

"Na tumbo je?"

Mwenyekiti akaandika daftarini: *Tumbo, litajadiliwa.*

Kukataa ni kunyang'anywa tanuri, apewe mwenye mwamko zaidi. Mama akamwomba Mungu subira, akachoma matofali. Wiki mbili mafundi wa gereji, wateja wake wa kila asubuhi, wakanywa chai kavu. Kamati nayo, ilipofika saa nne, ikaanza kulalamikia "upungufu wa mpito wa vitafunio".

Siku ya kumi na tano akaja Mkubwa kutoka makao makuu. Mwenyekiti akamnong'oneza mama, "Mkubwa anywe chai na bidhaa yetu bora kabisa. Ya moto moto!"

"Nimesikia, ndugu."

Akaleta sinia lililofunikwa kitambaa cheupe. Mkubwa akafunua. Tofali moja, limepanguswa vumbi, kisu pembeni.

"Hii nini?"

"Bidhaa bora, mheshimiwa. Mkate uko hatua ya tatu."

Mkubwa hakutaka aonekane hajasoma kitabu. Akalichovya ncha kwenye chai, akaling'ata kidogo, mpiga picha wake akapiga. Ndipo akamgeukia Mwenyekiti, midomo myekundu kwa vumbi.

"Kitabu chako kinasema nani aongoze kiwanda?"

"Tabaka la wafanyakazi, mheshimiwa."

"Wako wangapi hapa?"

Mwenyekiti akatazama huku na huku. "Mmoja."

"Haya mama, amua."

Mama Mikate akafikiri kidogo. "Kamati iendelee na hatua ya kwanza. Ukuta wa shule umeanguka, wabebe matofali wakaujenge. Mimi nisiyejua nadharia, nitangulie hatua ya tatu."

Likapitishwa bila kupingwa.

Wiki iliyofuata harufu ya mkate ikarudi mtaani. Mwenyekiti, vumbi hadi kwenye nyusi, akapanga foleni nyuma ya mafundi wote.

"Mama, hata kipande tu!"

"Historia haiharakishwi, ndugu yangu," alisema mama, na huku mkono wake umeshamfungia mkate mmoja wa moto, ndani ya lile tangazo.