Leseni ya Radwa na Upatu wa Mkurugenzi

Ofisi ya Kulinda Uhai wa Leseni za Fedha, Kairo, ilitangaza kwa furaha kubwa kwamba leseni ni kiumbe. Huzaliwa siku ya mtihani, hukua kazini, na mwenyewe akiacha kazi huanza kuugua. Isipotunzwa hufa, na ikishakufa haifufuki mpaka mtihani urudiwe tangu mwanzo. Wananchi waliombwa kuipokea habari hiyo kwa utulivu.

Aliyeipokea bila utulivu ni Inshirah, mama mmoja wa mtaa wa Shubra. Binti yake Radwa alikuwa dalali wa hisa, tena dalali hasa, mwenye leseni iliyotiwa fremu. Walipozaliwa pacha aliacha kazi, akawa anatengeneza achari jikoni na kuwauzia majirani. Leseni ikabaki ukutani juu ya jokofu. Sasa kampuni moja ilikuwa imemwahidi kazi baada ya Idi, sharti leseni iwe hai. Basi tangu siku ya tangazo Inshirah alikuwa akiipangusa vumbi kila asubuhi na kuitazama kama mtu anavyomtazama mtoto mwenye homa.

Radwa alikuwa ametimiza kila kitu. Masomo ya kila mwaka ya kuitunza leseni aliyasikiliza kwenye simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya ndimu, pacha mmoja begani, wa pili akivuta waya. Ada alilipa. Ilibaki kwenda dirishani kugongewa muhuri. Mama akasema ataandamana naye. Radwa akamwambia si lazima. Mama akachukua chupa ya achari, akavaa viatu.

Dirishani alikaa Bi Afkar, mtumishi mwema asiyekuwa na kisirani na mtu. Siku ya kwanza aliwaambia wapite kesho. Kesho yake akagundua kwamba picha za Radwa zilionyesha mtu aliye kazini, maana alikuwa hatabasamu. Wakapige nyingine, wapite kesho. Walipopita akaridhika, akafungua ile achari aonje, akauliza lile swali la mwisho ambalo huulizwa kila mtu: tangu aache kazi, mwombaji amekuwa akifanya nini?

Jibu lilikuwa achari. Radwa alikwishafungua mdomo alitaje. Lakini mama gani atasikia swali kama hilo juu ya mwanawe anyamaze? Inshirah aliona binti yake ataonekana mvivu mbele za watu.

“Huyu hakai bure, mwanangu,” alimwambia Bi Afkar. “Upatu wa jengo zima anaukusanya yeye. Hajapata mtu kukosa zamu yake.”

Bi Afkar akaacha kutafuna.

Kwa mujibu wa kanuni, leseni iliyo nje ya soko huwa imepumzika, na mwenye leseni iliyopumzika hagusi fedha za watu bila waraka wa Mkurugenzi. Kwa hiyo Bi Afkar aliwapeleka mama na binti juu kwa Mkurugenzi, Bwana Bahgat, mtu mpole mwenye sauti ya kusomea habari. Aliwakaribisha chai. Akamuuliza Inshirah taratibu, kama daktari.

“Hajati, huo upatu una leseni?”

“Upatu hauna leseni, Pasha. Una majirani.”

Bwana Bahgat alifurahi mno. Miaka yote ya utumishi wake alikuwa akitafuta jambo la kuandikia waraka, na sasa limekuja lenyewe na chupa ya achari. Papo hapo akamsomea Bi Afkar aandike: kwamba upatu ni taasisi ya fedha ya mzunguko usio rasmi, kwamba kila upatu, mahali popote, umezuiwa mpaka usimamiwe na mtu mwenye leseni hai aliye nje ya soko, asije akazinunulia hisa, na kwamba leseni ya Radwa itangazwe kuwa marehemu. Kalamu ya Bi Afkar ilikwama.

“Popote, Pasha?”

“Popote.”

“Hata pale ambapo...”

“Afkar. Sheria haina shangazi.”

Waraka ukapigwa muhuri wenye tai, ukatiwa fremu, ukatundikwa.

Kwenye ngazi Inshirah alilia. Alisema ameiua leseni ya mwanawe kwa ulimi wake mwenyewe, bora angekuwa bubu. Radwa akamshika mkono, akamwambia safari ijayo alete achari tu, ulimi auache nyumbani na pacha. Mama akacheka huku analia, kisha akalia peke yake mpaka nyumbani.

Alhamisi Bwana Bahgat alishuka dirishani akiwa na uso wa sikukuu. Binti yake alikuwa anaolewa, na kwao jokofu na kabati la kioo la vyombo hutoka upande wa bibi harusi. Mama mkwe alikwishaanza kuuliza habari za kabati. Akasema zamu ya upatu wa ofisi ni yake.

“Upatu umezuiwa, Pasha,” alisema Bi Afkar.

“Umezuiwa na nani?”

Kwa heshima Bi Afkar hakutaja jina. Alielekeza kidole ukutani.

Bwana Bahgat aliusoma waraka wake mara mbili, akakiri kwamba umeandikwa vizuri. Kuufuta haikuwezekana: waraka wenye tai hufutwa na Kamati ya Ufutaji, na mwenyekiti wa kamati alistaafu na ufunguo wa chumba. Akaamuru atafutwe mtumishi yeyote mwenye leseni hai. Hakupatikana. Wote waliotoka sokoni kuja kulinda leseni za wengine walikuwa wameziacha zao zikafa. Ya Mkurugenzi mwenyewe ilikufa mwaka aliopandishwa cheo, kwa upweke.

Katika jalada zima la leseni zilizo nje ya soko ilikutwa moja tu inayopumua. Cheti chake cha kifo kilikuwa kinasubiri saini ya naibu, na naibu alikuwa Makka kwa umra.

Kwa Radwa ni ghorofa ya tano, na lifti nayo ilikuwa haijatunzwa. Inshirah alifungua mlango, mikono inanuka siki. Alimwona Mkurugenzi anatweta, muhuri kwapani. Akadhani wamekuja kuchukua fremu.

Mgeni aliketi jikoni, pacha wakampanda magotini. Alieleza kwa sauti ile ile ya habari kwamba Ofisi, baada ya tathmini ya kina, imeridhika kuwa leseni ya Bi Radwa ina afya njema, na inamwomba asimamie upatu wa watumishi wake. Radwa akamwambia muhuri kwanza. Ukapigwa. Inshirah akaupulizia wino mpaka ukakauka.

Radwa akaomba kuona mpangilio wa zamu. Kumbe zamu ilikuwa ya Bi Afkar; Pasha alikuwa ameruka foleni.

“Mwenye harusi huomba zamu, Pasha, hajipi,” alisema Radwa. “Umemwomba?”

Bwana Bahgat alisema hilo ni suala la utaratibu, linaweza kushughulikiwa. Akamgeukia Inshirah, maana mama huwa na huruma, akamuuliza kama hawezi kumsemea kwa binti yake.

Inshirah alifikiria. Neno lilimfika kwenye ulimi, akalimeza.

“Mimi sijui lolote, Pasha. Binti yangu anauza achari.” Akamfungulia mlango. “Mwombe Bi Afkar, halafu pita kesho. Na picha mbili, unatabasamu.”

Kesho yake alikuja na picha, na kibali cha Bi Afkar. Lakini waraka ulikuwa umefika popote, kama alivyotaka. Ngazini kwa Radwa walikuwa wamejipanga wakurugenzi wa ofisi nyingine, kila mmoja na upatu wake uliozuiwa, mstari umeshuka mpaka barabarani. Bwana Bahgat akauliza wa mwisho ni nani, akasimama nyuma yake.