Ombi la Kurudishiwa Ng'ombe wa Miguu Mitano

Nyakabanda, Kigali
Jumatano, 12 Machi 2025. Asubuhi ya manyunyu, ukungu umeufunika mlima hadi kiunoni.

Kwa Bwana Mkurugenzi Gisa Eddie,

Mwanetu, baada ya salamu na pongezi kwa rangi nyeupe, nakuandikia nikiwa mteja wa baba yako, Mzee Bayingana, tangu ukiwa unabebwa mgongoni, na nikiwa jirani yako wa ng'ambo ya barabara. Natumia Kiswahili, lugha niliyorudi nayo kutoka Karagwe pamoja na baba yako, usije ukasema hukunielewa.

Kabla hujatoka masomoni, duka lenu la maziwa liliitwa Kwa Gaju. Juu ya mlango palikuwa na ubao wa bati wenye picha ya Gaju mwenyewe, ng'ombe wa kahawia, pembe ndefu, miguu mitano. Mguu wa tano ulikuwa kosa la Mutsinzi mchoraji. Aliuchora mbele mno, akachora mwingine mahali pake, na baba yako akakataa kununua rangi ya kufuta ule wa kwanza. Tukamzoea hivyo. Sasa umemshusha Gaju, umepaka ukuta mweupe, na pembeni, kwa herufi ndogo kama za onyo kwenye pakiti ya dawa, umeandika "zeloa". Nilimuuliza mhudumu wako Uwera maana ya neno hilo. Akasema mshauri aliyelileta alieleza kwamba halina maana, na kwamba hiyo ndiyo thamani yake. Mwanetu, ungeniambia mapema. Maneno yasiyo na maana ningekupa bure.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Barabara yetu ina namba, na kibao cha namba kinapendeza, ila sijaona mtu aliyeelekezwa kwa namba akafika. Mteja wangu huambiwa hivi: mwambie motari, yaani dereva wa pikipiki, akushushe kwa ng'ombe wa miguu mitano, kisha mpe ng'ombe mgongo, mlango ulio mbele yako ni wa Donatille fundi wa nguo. Juzi Bi Winifred wa Kagarama alikuja kuchukua mishanana, mavazi yetu ya sherehe, ya wasindikizaji wa bibi harusi. Motari alimzungusha kwenye kila duka la maziwa lenye picha ya ng'ombe. Walisimama, wakahesabu miguu, wakapata minne, wakaendelea. Mwishowe akamshusha kwa daktari wa meno na kumwambia, mama, huyo ng'ombe wako labda ameng'olewa. Bi Winifred alinifikia amelowa na amenuna. Alisema nguo za harusi ya binti yake wa pili atazipeleka kwa fundi anayeishi mahali panapojulikana. Msimu wa harusi ndio kodi ya chumba changu. Akienda yeye na ukoo wake, cherehani itaingia uvunguni.

2. Bibi Mukunde aliingia kwako Jumatatu kunywa maziwa yake. Alipoona kuta nyeupe, viti vyeupe na Uwera katika aproni nyeupe, alikaa, akakunja mkono wa gauni, akangoja kupimwa presha. Uwera akamletea maziwa katika kichupa chembamba. Akayanywa amefumba macho, akauliza ni mara ngapi kwa siku, kabla ya chakula au baada. Nasikia amepata nafuu, lakini hilo halikutetei.

3. Maziwa ya mgando, ambayo tangu babu zetu tunayaita ikivuguto, kwenye orodha yako yanaitwa "Utulivu". Chapati inaitwa "mkate bapa wa mkono". Twizeyimana, anayekuletea maziwa kwa baiskeli kutoka Gahanga, mtu mwenye misuli na heshima zake, juzi ilimbidi asimame mbele ya vijana wanaopiga picha vichupa vyao na kuomba Utulivu mkubwa wa baridi. Aliomba kwa sauti ya chini sana, akaletewa chai.

4. Ladha imeharibika. Mtaa mzima unasema maziwa yamekuwa mepesi na yana harufu ya rangi. Twizeyimana anaapa kwamba ni ng'ombe walewale wa baba yako na debe lilelile. Tumemsikiliza kwa heshima. Mimi mwenyewe nilionja mara tatu, nikahakikisha kwamba ni maji. Mtu hawezi kumng'oa ng'ombe mlangoni akategemea maziwa yabaki.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, moja kati ya haya:

(a) Gaju arudishwe juu ya mlango, na miguu yote mitano.

(b) Ikiwa ubao unaiaibisha zeloa, afungwe mlangoni ng'ombe hai wa kahawia, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Najua mji wetu ni safi na hautaki mifugo barabarani. Uwera asimame karibu, akiwa na ndoo ya kuzolea kinyesi. Kwa kuwa ng'ombe wa Mungu ana miguu minne, afungiwe wa tano wa mbao, ili motari wasipotee.

(c) Ng'ombe akikosekana, usimame wewe mwenyewe mlangoni saa hizohizo, umevaa pembe. Nitawaelekeza wateja wangu kwa mtoto wa Bayingana mwenye pembe, na nina hakika watafika.

Wasalimie mama yako, Uwera, na huyo mshauri akipatikana. Baba yako huko Gahanga nimempelekea nakala. Nimemwomba aketi kabla ya kuisoma.

Mimi, jirani yako mwenye subira inayopungua,
Donatille

N.B. Alhamisi, 13 Machi. Jua tangu alfajiri. Barua sikuituma jana kwa sababu ya mvua, na siichani kwa kuwa nimeiandika vizuri. Jana jioni Mutsinzi alipita na mkokoteni, akipeleka ubao wa Gaju kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Nikamshonea suruali, akanipigilia ubao juu ya mlango wangu. Kibao changu cha ufundi kimefichwa nyuma ya mguu wa tano. Leo saa tatu Bi Winifred alishushwa mlangoni pangu bila kuuliza mtu. Ameacha vipimo vya ukoo mzima. Nyuma yake wameingia wazee, wamekaa kati ya vitambaa na kuagiza maziwa. Nimetuma wayachukue kwako, Utulivu na yasiyo Utulivu, nikayamimina katika vikombe vya bati. Wamekunywa, wakatazamana, wakasema ladha imerudi. Nami nimeonja. Imerudi.

Kwa hiyo (a), (b) na (c) zifute. Usichore ng'ombe yeyote. Ukuta uongezee weupe, na yule mshauri msikilize kwa kila neno. Kila asubuhi mtume Uwera na ndoo mbili, avuke barabara bila aproni.