Paa Jipya Kabla ya Pasaka

Jumatatu, 3 Machi

Tone limeniangukia kwenye chai. Manyunyu tu, masika bado. Mabati ya nyumba hii aliyapiga marehemu Baba mwaka ule kahawa ilipokubali, na sasa yana matundu kama chekeche. Chumba cha Mama ndicho kibaya kuliko vyote. Analala na beseni karibu na mto. Ana miaka themanini na moja, na kifua kinamkoroma tangu Krismasi.

Leo dada yangu Agnela amepanda huku kwetu Akheri kutoka Tengeru. Hakukaa hata kitini. Amesema, mke wangu akisikia, kwamba paa lisipobadilishwa kabla ya Pasaka anamchukua Mama akaishi kwake. Kwake! Maana yake kwa Elieza, mume wake. Mama alale chini ya paa la mkwe, mwiko kwetu, na mimi kitinda mimba nipo hai, niliyeachiwa boma hili ili nimtunze! Nitapita wapi?

Nimemjibu kwamba paa litakuwa jipya kabla ya Pasaka. Sijui sentensi hiyo ilitoka wapi. Ilitoka tu.

Jumatano, 5 Machi

Amekuja fundi Loishiye wa Moshono. Ameletwa na jirani yangu Abdiel, ambaye aliezekewa naye mwaka jana na tangu hapo anatembea kidevu juu. Loishiye akamsalimu Mama, "Shikamoo yeyo," akapanda juu na futi kamba. Saa nzima. Kagonga, kapima, kaguna. Kila alipoguna nilisikia hela zikitoka.

Ameshuka na karatasi. Mabati hamsini na manne. Mbao mpya, maana kenchi mbili zinazobeba paa zimeliwa na mchwa. Kofia za juu, misumari, gari, ufundi. Jumla milioni nne na laki tatu. Nilicheka. Yeye hakucheka.

Mimi nina milioni mbili na laki moja, za mtamba niliyemuuza. Nikamuuliza hayo mabati ni ya nyumba hii au ya kanisa. Akaanza habari za mteremko, za paa kutokeza nje ya ukuta, za mabati kupandiana. Maneno ya kumchanganya mteja! Nikampa mkungu wa ndizi kwa usumbufu, akaenda zake.

Jioni nimepima mwenyewe. Sikuhitaji ngazi. Nimepima sakafu: mita kumi kwa nane. Paa ni nyumba ileile, ipo juu tu. Nimegawanya, nimepata mabati thelathini na sita. Kumi na manane Loishiye alitaka kuyala mchana kweupe! Mke wangu Anande ameniuliza kama nina hakika. Anande ni mwalimu wa hesabu, lakini hesabu za shule.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshuka mjini, duka la vifaa vya ujenzi. Abdiel ameezeka kwa bati la geji 28. Tunajua, kwa sababu hutuambia. Msibani, geji 28. Kwenye kamati ya mavuno, geji 28. Nikamuuliza muuzaji, dada mmoja aitwaye Paskalina, kama kuna geji inayozidi hiyo. Akasema ipo 30, na ipo 32. Nikauliza bei ya 32, moyo ukinidunda. Ni ya chini kuliko zote!

Sikuonyesha furaha. Duka kubwa namna ile, na hawajui wanachouza. Paskalina akasema, "Ila baba, hiyo 32..." Nikamkata. Nikamwambia mimi si mtu wa kufundishwa geji. Akainua mabega, akaandika risiti.

Mabati thelathini na sita, na hela zimebaki! Na wepesi wake! Nimebeba manne begani peke yangu, mtu wa miaka hamsini na mitatu. Teknolojia imeendelea sana.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya ibada nimemfuata Abdiel kwenye mnada wa sadaka. Nikasema kwa sauti, watu wasikie: wewe 28, mimi 32. Akanitazama kwa muda. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Pole sana, jirani."

Wivu umemshinda kuuficha. Nimenunua mayai sita kwenye mnada kwa bei ya kuku mzima. Leo nilikuwa na furaha, naiandika kwa kuwa haitokei mara nyingi.

Ijumaa, 14 Machi

Siku mbaya. Sijui nianzie wapi.

Nimemchukua Tajeu, ambaye hujenga mabanda ya kuku na hadai mengi. Hadi saa nne tulikuwa tumeng'oa paa lote la zamani. Mama alikaa uani na shali yake akiyatazama mabati ya Baba yakishuka moja moja. Saa sita wakapita watu wa vyuma chakavu. Walikuwa na haraka, nami nikiwa na haraka zaidi. Nikawauzia yote.

Saa nane mabati mapya yakaisha. Nikaenda kutazama nyuma ya nyumba kama kuna mengine. Hakuna. Sebule imefunikwa, chumba chetu nusu. Kutoka kitandani kwa Mama unaona mawingu yakishuka mlimani.

Kisha Tajeu akakanyaga bati jipya, likakunjika kama bahasha. Akashuka na kuniuliza kwa upole kwa nini nimenunua bati la kuku. Ndipo akanieleza. Geji ikipanda namba, bati linakuwa jembamba. Nikamwambia haiwezekani. Kiatu namba kumi ni kikubwa kuliko namba nane. Msumari wa inchi nne ni mrefu kuliko wa inchi tatu. Ng'ombe wawili ni wengi kuliko mmoja. Akasema, "Ndiyo mzee, lakini geji ndivyo ilivyo."

Anande alikuwa mlangoni. Alisikia yote. Akaingia jikoni akafunga mlango.

Kumbe ile pole ya Abdiel ilikuwa pole.

Jumanne, 18 Machi

Masika. Imeanza alfajiri na haijakatika. Juzi niliazima turubai la kwaya, lile la harusi, nikalifunga juu ya chumba cha Mama. Saa tano lilikuwa limejaa maji katikati. Likapasuka. Godoro limeloa. Biblia yake imeloa, kurasa zimeshikana. Tumemhamishia jiko la nje, kwenye moshi, na kifua kile! Anakohoa mpaka anashika ukuta.

Angenilaumu ningejitetea. Hakunilaumu. Amesimulia tu kwamba Baba alipopiga bati, majirani walikuja mvua ya kwanza kulisikiliza linavyolia, maana wao wote walikuwa na nyasi. Walikaa kimya kama wako ibadani, na Baba akajifanya amezoea.

Nimekwenda mgombani nikalia. Nilikuwa nimeloa tayari, hakuna aliyejua. Anande hajasema nami tangu Ijumaa isipokuwa kuhusu chumvi.

Jumamosi, 22 Machi

Agnela hakungoja Pasaka. Amekuja na pikapu ya kukodi, Elieza yuko naye. Elieza hakuingia uani. Alisimama getini, kofia mkononi, kwa heshima ya mama mkwe. Akaninong'oneza kwamba amehamishia kitanda chake stoo ya mahindi, mbali na nyumba kubwa, ili Mama alale bila aibu. Nilitaka kumchukia. Nilishindwa, na hilo limeniuma zaidi.

Nimembeba Mama mpaka garini. Amekuwa mwepesi sana. Tangu aolewe hajalala nje ya boma hili, isipokuwa hospitalini aliponizaa mimi. Akaniambia nimwite Loishiye, na safari hii nimsikilize mpaka mwisho wa maneno yake. Nikasema, ndiyo Mama.

Pikapu ikashuka kwenye matope polepole. Abdiel alikuwa kwenye kibaraza chake kikavu. Aliinamisha kichwa, hakusema habari ya geji.

Jumatatu, 24 Machi

Loishiye amekuja. Nimemsikiliza karibu mpaka mwisho. Sasa ni milioni nne na laki tisa, maana kenchi nyingine mbili zimeloa na kupinda. Abdiel na wenzake usharikani watachangia mbao. Agnela atatoa laki saba. Anande ameamua kuuza cherehani yake, na ameniambia mwenyewe, kwa mdomo wake. Kwa taabu, tunafika. Loishiye yuko tayari kuanza kesho.

Lakini alipotaja tena mteremko, kichwa changu kikafunguka. Mteremko! Mteremko ndio unaokula mabati. Hesabu yangu ilikuwa sahihi, paa ndilo lililokosea! Likilazwa bapa, sawasawa na sakafu, mabati thelathini na sita yanatosha, nami ninayo tayari. Kule mjini nimeona nyumba za kisasa, paa limefichwa nyuma ya ukuta, hata hulioni. Geji yake nani ataijua? Mvua ya huku ni nyingi, sawa, lakini maji ni maji, yatatafuta njia yake.

Nimemwambia Loishiye asubiri kwanza. Amenitazama kama Abdiel siku ile ya mnada, akachukua futi kamba yake akaondoka. Tajeu atakuja kesho asubuhi na msumeno, tukate kenchi zote. Anande akirudi kutoka shuleni atakuta kazi imeshaanza, atafurahi.

Mvua imesimama tangu saa tisa. Nimefagia maji chumbani kwa Mama, nimemtandikia kitanda kwa shuka kavu. Nimemwandikia Agnela ujumbe kwamba asimzoeshe Mama sana huko, Alhamisi anarudi nyumbani.