Koti la Kahawia na Viraka Vyake

Jumatatu, 6 Mei

Binti yangu amefika asubuhi. Hata chai hajanywa, ameshalishika koti langu la kahawia kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa panya mfu jikoni. Akapitisha kidole kwenye tundu la kiwiko cha kulia. Kidole kikatokea ndani. Akanitazama. Mimi nikatazama dirisha.

Hukumu yake ni hii. Jumapili mpiga picha anakuja hapa nyumbani, tupigwe picha ukoo mzima, ya kwanza tangu mama yake atutoke. Koti likiwa halifai mbele za watu, nitavaa atakaloniletea yeye, na hili litakuwa dekio. Amelitamka neno dekio mbele ya koti lenyewe.

Nimemwambia litakuwa limetengenezwa. Akauliza na nani. Nikasema na mimi. Alicheka mpaka akakaa chini. "Baba, wewe hata kifungo..." Hakumaliza. Alikuwa anakumbuka kifungo nilichokibandika kwa gundi. Kwa haki, kilishika. Kilishika mno, shati halikufunguka tena.

Haelewi. Kwenye picha ya mwisho mke wangu yupo, nami nimevaa koti hili. Picha mpya bila yeye nimeshaikubali, nitafanyaje. Lakini bila yeye na bila koti, hapana.

Halafu kazi yenyewe. Mke wangu alilitia viraka miaka yote akisikiliza taarifa ya habari, macho yake yakiwa kwenye redio. Kazi ambayo mtu haitazami itakuwa ngumu kiasi gani?

Jumanne, 7 Mei

Ngumu.

Nusu ya asubuhi imeishia kwenye kutunga uzi. Nimeulowesha mate. Nimeupaka nta ya mshumaa. Nimeukata ncha tena na tena mpaka ukawa mfupi kuliko sindano. Mwishowe uliingia wenyewe, nilipokuwa nawaza mambo mengine. Mara ya pili nikajaribu kuwaza mambo mengine kwa makusudi. Haikusaidia.

Baada ya hapo nimeshona vizuri. Mishono midogo, imara. Nikasimama nivae. Mkono haupiti! Nimeshona mbele na nyuma kwa pamoja, mkono wa koti umekuwa mfuko mrefu. Nikafumua.

Shemeji, mdogo wa marehemu mke wangu, akapita kurudisha sufuria. Akauliza kwa nini sikuweka globu. Nikadhani ni utani wake, maana sijawahi kumsikia akiniambia jambo bila utani. Kumbe kweli. Ile globu iliyoungua, inayokaa kwenye kopo la sindano, huingizwa ndani ya mkono wa koti. Kitambaa kinatanuka, na sindano haivuki upande wa pili.

Globu hiyo nimeiona miaka yote. Niliwahi kuijaribu kwenye taa ya sebuleni nikawalaumu watu wa umeme. Niliwahi kuitupa jalalani. Mke wangu akaifuata, akaiosha, akairudisha kwenye kopo bila neno. Niliona ni moyo wake tu, kuvihurumia vitu. Sikuuliza. Kwa nini sikuuliza?

Leo nimeuliza. Nimemwuliza Shemeji dada yake alikuwa akifanyaje mpaka kiraka kisionekane. Anasema anajua ila hasemi. "Mwanafunzi gani anadai majibu kabla ya mtihani?" Nadhani hajui.

Jumatano, 8 Mei

Nimekwenda kwenye kibanda cha Fundi wa cherehani, pale pembeni ya barabara. Nilikwenda kama mpelelezi. Nikamwambia nina rafiki ana koti lililotoboka. Fundi akauliza kama huyo rafiki ananiazima koti lake kila nikija kumwulizia. Nilikuwa nimelivaa.

Akasema kitambaa hiki hakiuzwi tena popote. Dawa yake ni ngozi nyeusi viwiko vyote viwili, nitafanana na mwalimu mkuu. Nikamwonyesha kiwiko cha kushoto, alichokiziba mke wangu. Akasema hapo hapana kiraka. Nikasema kipo. Akavaa miwani. Akalipeleka koti kwenye mwanga, akakuna kwa ukucha, akaligeuza ndani nje. Akakiona.

Kisha akasema hii si kazi ya mkono, ni mashine ya kiwandani. Nikamwambia mashine hiyo ilikuwa inakaa kwenye kiti karibu na redio, na ilikuwa haipendi chai yenye sukari nyingi.

Akataka nimwachie koti hadi kesho, alitazame kwa utulivu. Utulivu gani? Anataka siri. Nikalichukua kwa adabu na kuondoka kwa haraka.

Njiani swali likaniingia na bado halijatoka. Kama kitambaa hakiuzwi, mke wangu alikipata wapi? Koti tulilitoa kwenye lundo la mitumba, likiwa peke yake, halina ndugu. Na viraka vyake si kahawia tu, ni kahawia ileile, imepauka vilevile. Nimepekua kabati, sanduku, chini ya godoro. Hakuna hata kipande.

Alhamisi, 9 Mei

Nimepata mpango ulio bora kuliko yote. Nitafumua kiraka chake kimoja, nione alivyokishona, kisha nikirudishe hivyohivyo. Nashangaa Fundi hakuwaza jambo jepesi namna hii.

Kiwiko cha kushoto kimefumuka vizuri sana. Na nimeona maajabu. Uzi wake si wa dukani, ni nyuzi zilizochomolewa kwenye kitambaa chenyewe. Kiraka kimekaa ndani ya tundu, si juu yake. Kila mshono umezama katikati ya nyuzi mbili ukalala humo. Nimekaa nayo dirishani kama mtu anayesoma barua.

Nimeona pia kwamba sasa nina matundu mawili.

Kona sikuzielewa. Nikafumua na kile cha mgongoni ili nione kona. Kona nimezielewa. Matundu matatu.

Nilihitaji uzi wa mazoezi, nikauchomoa kwenye viraka vilevile nilivyovifumua. Ukitoa uzi mmoja, wa pili unakuja wenyewe, na wa tatu unafuata. Viraka vyote viwili vimekuwa manyoya ya kifaranga.

Hapo Shemeji akagonga mlango. Nikalikalia koti. Sindano ilikuwa bado kwenye koti. Nimezungumza kama mtu wa kawaida, nikamwulizia watoto, nikamwulizia paa lake linalovuja. Akauliza mbona natokwa jasho. Nikasema joto. Akasema anaona baridi.

Mlangoni akageuka, akaniondoa uzi wa kahawia kwenye ndevu. "Shemeji, wewe ukikuta saa inakwenda vizuri, unaifungua uone kwa nini." Nikamwambia hivyo ndivyo watu wanavyojifunza. Akasema hivyo ndivyo watu wanavyokosa saa.

Ijumaa, 10 Mei

Nimejua.

Nilikuwa natafuta kastabini, ile kofia ya kidole ya mshonaji, maana kidole hakina tena mahali pa kuchomwa. Nikatia mkono mfukoni mwa koti. Mfuko laini. Nikasimama hapohapo. Koti hili mshonaji wake hakuwa bahili, hata mifuko aliishona kwa kitambaa kilekile kizito cha kahawia. Zamani mfuko huu ulikuwa unakwaruza mkono. Miaka ikapita ukawa laini. Nilidhani umelainika kwa kutumika, kama mimi.

Nikaugeuza nje. Pamba ya bluu yenye majani madogo meupe.

Ni gauni lake. Alilivaa siku tuliyohamia nyumba hii, akapanda ngazi na jiko mikononi, akakataa nimsaidie kwa sababu nilikuwa nimeshavunja kioo. Nililipenda gauni lile. Siku moja nikauliza liko wapi. Akasema limechoka. Nikasema pole, nikaendelea kula.

Kwa hiyo alikata kahawia ya mifuko akaziba mahali panapoonekana, akaweka gauni lake mahali pasipoonekana. Mifuko yote miwili. Na mimi kila asubuhi ya baridi natia mikono humo, nasubiri basi.

Nimeiacha kazi. Nimekunywa chai. Nimeirudia.

Mfuko wa tatu, ule mdogo wa kifuani kwa ndani, haujakatwa. Bado ni wa kahawia. Na juu yake kuna bandi, ile mishono mirefu myeupe ya kushikiza kwa muda, imezunguka kipande cha ukubwa wa kiganja. Alikuwa ameshapima kiraka kinachofuata.

Kinatosha tundu moja. Alijua litakuja moja. Mimi nina matatu, mawili nimeyatengeneza mwenyewe kwa kutafuta elimu. Na Jumapili ni keshokutwa.

Jumamosi, 11 Mei

Nimemwita Shemeji nikamwonyesha kila kitu. Hakunitania. Hilo lilinitisha kuliko utani.

Alilitazama koti muda mrefu, mifuko imening'inia nje kama ndimi. Kisha akainua kola. Chini yake, mahali ambapo sijawahi kupaangalia, kuna kiraka kingine. Uzi mweusi, mishono inakwenda huku na huku, kona moja imekunjwa mara mbili na nyingine haikukunjwa kabisa. Shemeji anasema hicho ndicho kiraka cha kwanza dada yake alichoshona maishani. Alilia juu yake. Kwa miezi alikuwa na hofu nitainua kola nikione.

Sikuinua kola.

Nikasema, kwa hiyo hata yeye alianza kama mimi. Shemeji akasema, "Yeye alianza na tundu moja, Shemeji."

Tumefanya kazi mchana kutwa. Kipande chenye bandi nimekiweka kiwiko cha kulia, lile tundu la halali. Matundu yangu mawili nikasema tuyazibe kwa bluu, kutoka mfuko wa kushoto. Shemeji akaniuliza kama nina hakika. Bluu juu ya kahawia, mtu atakiona akiwa ng'ambo ya barabara. Nikamwambia wakione. Imekaa gizani vya kutosha.

Hakunipa mkasi. Alikata yeye, akauweka upande wake. Mimi nikashona, yeye akashika globu. Kila nilipokosea alikohoa. Amekohoa sana. Jioni akasema kiwiko cha kulia kinafanana na mjusi aliyebanwa na mlango, lakini mjusi huyo hatoki hapo. Nimelichukulia hilo kuwa sifa.

Sasa ni juu ya Binti. Dekio au picha.

Jumapili, 12 Mei

Ukoo umejaa nyumba nzima. Viti vimetolewa nje, watoto wamepakwa mafuta, mpiga picha anapima jua. Binti akaingia na mfuko wa karatasi. Ndani yake koti jipya la kijivu, bado lina lebo.

Alinitazama mara moja. "Baba, vua."

Nikaanza kuvua. Sikubishana, nilikuwa nimemwahidi koti la kuvaliwa mbele za watu na mimi mwenyewe nilikuwa nimekiona kile kiwiko cha kulia kwenye kioo. Nilipouchomoa mkono wa kushoto, akaushika. Akakitazama kiraka. Akauliza kitambaa hiki nimekitoa wapi.

Nikamwambia mfukoni.

Akatia mkono wake kwenye mfuko wa kulia. Akauacha humo. Mpiga picha akauliza kama tuko tayari, jua linakimbia. Binti akasema bado. Akauliza kama kilikuwa humo siku zote. Nikasema siku zote. Akauliza kama nilikuwa najua. Nikasema tangu Ijumaa.

Alitoa mkono. Akanivisha koti tena, akanifunga vifungo vyote, hata kile cha juu ambacho huwa kinaninyonga. Nikaketi katikati. Mpiga picha akasema mzee ageuke kidogo, kiwiko kile cha bluu kisionekane, kitaharibu picha.

Binti akamwambia asogee upande ule, kiwiko ndicho anachokipiga.

Jumatatu, 13 Mei

Nimepita kwa Fundi, nikapita taratibu, kiwiko upande wake. Amesema kazi kama hiyo ingekuwa na sheria ningekuwa ndani. Lakini alitoka kibandani kukiangalia, na alikiangalia mara mbili.

Nikamwambia viwiko nimemaliza. Wiki hii nasoma mabega.

Ni hivi. Binti ameniachia lile koti la kijivu, la kuvaa siku ambazo la kahawia linapumzika. Limening'inia kwenye mlango, halina mtu ndani, na mabega yamesimama. Kwa nini yasianguke? La kahawia huanguka hata nikiwa ndani yake. Nimebonyeza. Kuna kitu humo, laini, kama sifongo, lakini si sifongo. Fundi anasema anakijua, ila ni siri ya kazi. Siri. Nimeahidi keshokutwa nitamwambia mimi mwenyewe ni nini.

Mkasi nimeupata, Shemeji alikuwa ameuficha nyuma ya redio. Si jambo kubwa. Mishono michache tu, nione, nifunge, Binti harudi hadi mwisho wa juma.

Bega la kushoto limefunguka vizuri sana. Kitu kimetoka chote. Sikumbuki tu kilikuwa kimekaa upande gani juu. Itabidi nifungue na la kulia, nitazame.