Mashine Kubwa ya Tata Tshilombo

Habari ilifika kwenye benchi la Mama Adolphine, muuza chai wa Manika, ikiwa bado ya moto, maana Kabemba, aitwaye Redio, aliikimbiza mwenyewe kutoka karakana.

"Batu! Chef wa karakana ametoa plan! Kuanzia lundi, kila kisu ya kukata chuma itabadilishwa mbele ya kuvunjika!"

"Itabadilishwa na nini?" Adolphine akauliza. "Mu depo mulibakia panya moja tu, na yeye alikimbia."

"Labda alikuwa Mukasai!" akadakia Kyungu, fundi kijana, na akacheka kupita wote.

Alikuwa na sababu. Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walikuwa wakifukuzwa, treni baada ya treni, na Kyungu, aliyeshinda gareni, kwenye stesheni ya treni, akiimba "Barudi kwabo!", alikuwa amepewa mashine kubwa ya Tata Tshilombo, fundi mzee Mkasai. Ndiyo maana walimwita Chef-Kesho. Kilichomkosesha usingizi ni visu. Pale karakana kila fundi alinoa vyake na kuvificha kwenye kopo la sardini, hata mkewe asijue. Bila kopo la Tshilombo, Jumatatu angeumbuka.

"Njo ule anakuya," Redio akanong'ona.

Tshilombo alikuja na godoro kichwani, anakwenda gareni. Alizaliwa papa hapa Musonoi; huko Kasai alikorudishwa hakuwahi hata kufika.

"Aba bachef!" Adolphine akasonya. "Kisu imevunjika, banaiacha. Mutu iko muzima, banamubadilisha."

Kyungu akainuka, macho chini. "Tata... ile kopo. Utuachie."

Mzee akatua godoro, akatia mkono mfukoni. "Kamata, mutoto yangu."

Kyungu akalifungua kwa pupa. Vipande vitupu, hakuna kisu hata kimoja kizima.

"Mama yangu! Tata, sasa ulikuwa unakata na nini?"

"Mi? Sijakata kitu tangu Pasaka. Asubuhi ninawasha masine, inazunguka bule. Chef anasikia makelele, anafurahi, anapita."

Tshilombo akampa kila mtu mkono, Kyungu naye, akabeba godoro lake akaenda. Kyungu alibaki na kopo, akipekuapekua vipande.

Adolphine akaanza kukusanya vikombe.

"Chef-Kesho, lundi uwahi kuwasha masine. Na courant ya umeme ikikatika, uimbe ile wimbo yako ya ku gare. Chef anatakaka makelele tu."