Mikono Miwili kwa Baba Mukwe

Ijumaa, 4 Mei 1956

Baba Numbi amenikataa! Ujana wake wote aliendesha treni, sasa anasema binti yake Delphine hataolewa na msukuma ngazi. Eti mwanaume ni mashini anayoiendesha. Nami kazi yangu uwanja wa ndege ndiyo hiyo: ndege ikitua nasukuma ngazi, abiria wanashuka. Mukuka ndiye shofere wa trakta inayovuta mizigo ya ndege. Ana kepi ya kazi kichwani. Na anamchekea Delphine kanisani, bila haya! Sawa. Tutaona.

Jumamosi, siku ya posho

Nimepata akili. Kesho baada ya misa watu watajaa kwenye uzio kutazama ndege, kama kawaida. Nimemwomba Baba Numbi aje, atamwona shofere mpya. Delphine kaniuliza nimejifunza lini kuendesha. Nikamjibu kwamba kila siku namtazama Mukuka, inatosha. Nimenunua samaki wa ziwani Pweto, mnono. Mukuka akiona samaki na ugali wetu wa bukari hasikii hata akiitwa jina.

Jumapili

Mama yangu! Mukuka alikuwa anakula nyuma ya depo ya mizigo. Nikavaa kepi yake, nikafunga ngazi nyuma ya trakta, nikapanda. Ilikwenda muzuri! Mara kwenye uzio, Baba Numbi, koti la misa na fimbo. Baba mukwe hasalimiwi kwa mkono mmoja. Nikaachia usukani, nikainamisha kichwa, nikapiga makofi polepole, kama nilivyolelewa. Kuinua macho, bawa la ndege hili hapa! Trakta ikapita chini. Ngazi haikupita. Bawa limepasuka, ngazi imelala chali. Asante Maria, hakuna aliyeumia. Ndege haikuruka tena, abiria wamelala mjini wakinung'unika.

Jumatatu

Nimeondolewa kwenye ngazi. Nakata majani kando ya uwanja. Mukuka amekemewa, kepi amerudishiwa. Analalamika samaki alizidi chumvi. Jioni nikaenda kwa Baba Numbi, nikamwambia kweli yote. Nampenda Delphine, nifiche nini? Mzee akasema heshima yangu ameiona, hata abiria wameiona. Ila shofere husimama kwanza, ndipo asalimie. Nirudi nikishajua breki. Hajakataa! Delphine alicheka mpaka akakaa chini.

Jumanne

Kutoka huku kwenye majani naliona vizuri gari la zimamoto. Jekundu, lina kengele! Shofere wake, Chileshe, naye anapenda samaki. Nimeshampelekea Baba Numbi salamu: Jumapili, uzio ule ule. Delphine amejibu kwamba safari hii mkono mmoja ubaki kwenye usukani. Mkono mmoja! Kwa baba mukwe! Huyu binti kalelewa na nani?