Amri ya Kuamkia Wakulima

Jumatatu, 16 Juni
Mama Germana, mwenye kiwanda chetu cha kukamua alizeti hapa Kizota, anafungua tawi Ihumwa. Msimamizi atakuwa mimi au Penina wa mapokezi. Penina huwapigia wakulima simu kila asubuhi, mmoja mmoja: shikamoo, habari za mbuzi, habari za magoti. Wanampenda mno. Mimi nina kompyuta. Nitaunda amri yangu mwenyewe: naandika "amkia" kwenye lile dirisha jeusi la kuipa kompyuta amri, wote wanapata salamu kwa meseji. Ihumwa, nakuja!

Jumanne, 17 Juni
Nimeiandika kwa JavaScript, lugha ya kutungia programu. Ndani ya folda yake inakubali. Nikitoka tu nje ya folda, kompyuta inadai haiijui. Ajabu! Si imeiona sasa hivi? Nimechunguza mpaka chai ikapoa. Penina akauliza naongea na nani. Nikamwambia hayamhusu.

Jumatano, 18 Juni
Nimegundua! Kumbe kompyuta ina mahali pake pa kutafutia amri. Isipoona kitu hapo, haihangaiki. Unaitaja amri yako kwenye faili la package.json, unaandika npm link, basi, imesajiliwa. Sasa "amkia" inaitika popote, hata kwenye folda ya picha za harusi. Jamani, raha! Kanuni yangu ni nyepesi: mwenye namba kubwa, "shikamoo", mwenye namba ndogo, "hujambo mwanangu". Namba ni mwaka wa kuzaliwa, tunayo ya wakulima wote. Penina alishauri nijaribu kwa mtu mmoja kwanza. Wivu.

Alhamisi, 19 Juni
Nimetuma. Shakila, mkulima wetu mdogo kuliko wote, wa mwaka 2004, amejibu "marahaba" na kuniuliza kama nimekula. Mzee Anselmi wa Kibakwe, wa mwaka 1951, anayetuletea alizeti nyingi kuliko wote, amempigia Mama Germana kuuliza ni baba gani huyo wa Kizota anayemwita mwanangu. Alizeti yake anaipeleka kwingine. Nimeumia kweli. Lakini imekuwaje? Nahisi ni mtandao.

Ijumaa, 20 Juni
Mama Germana amesema Mzee asiporudi kufikia Jumatatu, Ihumwa ni ya Penina. Penina, bila kuombwa, akasema twende wote Kibakwe na kilo za sukari, tukamwombe radhi ana kwa ana. Safari yote hiyo, milima yote ile! Nimekataa kwa heshima. Nimeunda amri mpya, "radhi", na kuisajili kwa dakika chache. Mkono umeshazoea. Inawaomba msamaha wakulima wote kwa mpigo. Salamu za mwanzo nimezinakili kutoka "amkia", maana sehemu ile haikuwa na tatizo.
Nimetuma. Simu ya Mama Germana inaita. Bila shaka ni habari za Ihumwa.